Kasha Dogo au Kasha Kubwa? Mwongozo kwa Anayeunda Kompyuta Yake Nyumbani

Kasha la nguo, lile la mbao lililopambwa kwa misumari ya shaba ambalo lingalipo katika nyumba nyingi za Lamu, Mombasa na Unguja, hufanywa kwa azma ya kuzuia: hewa isipite, vumbi lisiingie, mdudu asipate upenyo. Kasha la kompyuta, ijapokuwa limeazima jina hilo hilo, limefanywa kwa azma iliyo kinyume, kwa kuwa hakuna anayelinunua ila kwa ajili ya hewa itakayopita ndani yake, ikiingia baridi kwa mbele na kutoka moto kwa nyuma, muda wote mashine iwapo kazini. Mwenye kulifahamu jambo hili kabla ya kutoa fedha hatachagua kasha kwa macho, kama achaguaye kabati la sebuleni, bali atalichagua kwa futi na kwa hesabu, na ndiyo maana ya mwongozo huu.

Yakupasa pia ujue jina la unachokitafuta. Kwetu sisi sanduku zima lenye kitufe cha kuwashia huitwa CPU, na wauzaji wengi hulisema hivyo hivyo, ilhali CPU kwa hakika ni prosesa, kile kipande chembamba cha upana wa sentimita 4 hivi ambacho ndicho akili ya mashine. Ukimwagiza jamaa yako aliyeko Dubai au Maskati akuletee "CPU ndogo", yamkini akakuletea kitu usichokitaka. Basi mwambie kasha, na umtajie vipimo vyake kwa milimita.

Kwa nini ukubwa una taathira

Kila sehemu ya kompyuta inayotumia umeme huugeuza umeme huo kuwa joto, na joto hilo halina pa kwenda isipokuwa katika hewa iliyomo kashani. Prosesa inayokula wati 100 pamoja na kadi ya grafiki inayokula wati 200 ni sawa na kuwasha balbu tano za zamani, zile za wati 60, ndani ya sanduku lililofunikwa. Hewa hiyo isipotolewa kwa haraka, prosesa ifikapo baina ya digrii 90 na 100 hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na hapo mwenyewe hudhani ameuziwa kitu kibovu, kumbe kitu ni kizima na aliyekosea ni kasha.

Fauka ya hayo, feni haiipozi hewa. Feni huisogeza tu. Ndani ya kasha hapawezi kuwa na ubaridi uliozidi ule wa chumba, na kwa hiyo kasha lililopimwa na kusifiwa katika chumba cha Ulaya chenye digrii 20, likiletwa katika chumba cha Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari chenye digrii 32, huzibeba zile digrii 12 za ziada juu ya kila kipande kilichomo. Mkazi wa Nairobi, wa Arusha au wa Iringa ana nafasi ya kukosea kidogo. Mkazi wa pwani hana, na kwa ajili yake ndipo nitakapokaza maneno.

Vipimo vinavyotawala

Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kanuni iitwayo ATX, nayo ikaweka kipimo cha ubao mama, ambao mafundi huuita madabodi: milimita 305 kwa 244. Mwaka 1997 ikatoka microATX, ambayo ni milimita 244 kwa 244, na mwaka 2001 kampuni ya VIA ikaleta Mini-ITX, milimita 170 kwa 170. Walioziweka kanuni hizi walifanya jambo la busara ambalo linatunufaisha hadi leo, kwamba matundu ya skrubu ya mbao ndogo yamewekwa mahali yanapolingana na baadhi ya matundu ya mbao kubwa. Na kwa sababu hiyo kasha la ATX aghalabu huupokea ubao wowote wa kanuni hizo tatu, wala kasha la Mini-ITX haliupokei ila ulio saizi yake.

Kuhusu ukubwa wa kasha lenyewe, hakuna sheria inayokata shauri, lakini wajenzi wamezoea kuhesabu kwa lita. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Kasha la sentimita 37 kwa 18 kwa 29 lina lita 19 na kitu, nalo huhesabiwa dogo. La sentimita 45 kwa 22 kwa 46 lina lita 45 na nusu, nalo ndilo kasha refu la kawaida. Yaliyopita lita 60 ni majitu, na mtu wa kawaida hana haja nayo.

> KISANDUKU: VIPIMO VYA KUANDIKA KARATASINI
> - ATX: mm 305 × 244, nafasi za kadi hadi 7, ramu kwa kawaida nafasi 4.
> - microATX: mm 244 × 244, nafasi za kadi hadi 4, ramu 2 au 4.
> - Mini-ITX: mm 170 × 170, nafasi ya kadi 1 tu, ramu kwa kawaida 2.
> - Pawasaplai (kifaa cha kuigawia mashine umeme) ya ATX: upana mm 150, kimo mm 86, urefu mm 140 na kuendelea.
> - Pawasaplai ya SFX, iliyo ndogo: upana mm 125, kimo mm 63.5, urefu mm 100.
> - Nafasi moja ya kadi: mm 20 hivi, basi kadi ya nafasi tatu hula mm 60.

Kasha kubwa na haki yake

Kasha kubwa lina ukarimu. Mkono unaingia na bisibisi yake, waya unapita nyuma ya ubao bila kulazimishwa, kipoza-joto chenye kimo cha milimita 160 kinasimama bila kugusa mlango, na feni pana za milimita 120 au 140 husukuma hewa nyingi zikizunguka polepole, jambo ambalo huifanya mashine iwe kimya. Pawasaplai ya ATX hupatikana kwa urahisi na bei yake ni nafuu kuliko ya SFX yenye wati zile zile, na iharibikapo, kama ziharibikavyo kwa umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo, fundi wa mtaani ataibadilisha siku hiyo hiyo.

Hasara yake ni nafasi, uzito na nauli. Kampuni za usafirishaji wa ndege hazipimi kilo peke yake, bali hupima na ujazo: huzidisha pande tatu za boksi kwa sentimita, kisha hugawanya kwa namba ambayo mara nyingi ni 5,000, na uzito uliozidi kati ya huo na wa mizani ndio unaolipiwa. Boksi la sentimita 55 kwa 30 kwa 52 litalipiwa kama kilo 17, hata likiwa na bati jepesi la kilo 7 ndani yake, ilhali boksi la sentimita 45 kwa 25 kwa 36 litalipiwa kama kilo 8. Kwa anayeagiza kutoka ng'ambo, hesabu hii peke yake yaweza kugeuza shauri zima. Na kwa anayetaka kasha kubwa, ushauri wangu ni kulinunua hapa hapa na kuagiza vipande vidogo tu.

Kasha dogo na bei yake

Sitaki msomaji adhani kwamba nalipinga kasha dogo. Mwanafunzi wa chuo anayehama chumba kila mwaka, mke na mume wenye meza moja ya kulia chakula na kufanyia kazi, mpiga picha anayelazimika kubeba mashine yake hadi ukumbi wa harusi na kurudi nayo usiku, hao wote wana sababu ya haki. Ninalosema ni kwamba udogo hununuliwa, tena mara mbili: kwanza kwa fedha, maana ubao wa Mini-ITX na pawasaplai ya SFX aghalabu hugharimu zaidi, na pili kwa uvumilivu, maana kila kipande hutegemea milimita za jirani yake.

Mimi mwenyewe nilijifunza hayo kwa taabu. Nililinunua kasha la lita zisizofika 15, zuri la kupendeza, nikalijaza vitu vyote kwa siku mbili, na nilipotaka kulifunga mlango haukukubali, kwa kuwa kipoza-joto kilikuwa kimezidi kwa milimita 8. Muuzaji alikuwa ameniambia kuwa vyote "vinaingia", nami sikupima. Kompyuta ile ilikaa wazi miezi mitatu, ikila vumbi, hadi nilipopata kipoza-joto kifupi. Na kipoza-joto kifupi, kwa kuwa kina bati chache za kutawanya joto, kilinilazimu niipunguzie prosesa wati zake. Nililipa bei ya prosesa yenye nguvu nikapata kazi ya ile ya wastani.

Upo pia mtego wa kompyuta za ofisi zilizotumika, zile nyembamba zinazoletwa kwa makontena na kuuzwa kwa bei ya kuvutia. Wengi huzinunua wakikusudia kutia kadi ya grafiki baadaye. Walakini makasha yale hupokea kadi za nusu kimo tu, pawasaplai zake zina umbo la kiwanda chenyewe, lisilofuata kanuni ya ATX wala ya SFX, na wati zake ni chache. Ni mashine njema kwa barua na hesabu za duka. Kwa kuendelezwa, hapana.

Hatua za kuamua

1. Andika kazi utakayoifanya kwa miaka mitatu ijayo, si ile uitamaniyo bali ile uifanyayo. Anayeandika, anayefanya hesabu na kutazama filamu hahitaji kadi ya grafiki ya peke yake, na bila kadi hiyo hata kasha dogo litamtosha kwa raha.

2. Pima mahali mashine itakapokaa. Ongeza sentimita 10 nyuma kwa ajili ya waya na hewa ya moto, na sentimita 5 kila ubavu wenye matundu. Kama ni ndani ya kabati la meza lenye mlango, acha shauri hilo: hewa itazunguka humo humo.

3. Chagua prosesa na kadi ya grafiki kwanza, kisha uandike namba nne: kimo cha kipoza-joto, urefu wa kadi, unene wa kadi, na jumla ya wati. Namba hizi hutolewa na watengenezaji wenyewe. Usikubali makisio ya mtu.

4. Hesabu nafasi unazozihitaji. Kadi moja tu? Mini-ITX inatosha. Kadi ya grafiki pamoja na kadi ya sauti au ya mtandao? Anzia microATX. Diski nne za inchi 3.5 za kuhifadhi picha na video? Hapo kasha refu ndilo lenye haki.

5. Linganisha namba zako na namba za kasha, na kila mahali ubakishe ziada: milimita 5 juu ya kipoza-joto, milimita 20 mbele ya kadi. Ukikusudia kupoza kwa maji na kuweka rejeta mbele, toa kwanza milimita 52 katika urefu wa kadi uliotajwa kwa kasha hilo, kwa kuwa rejeta ya kawaida ina unene wa milimita 27 na feni yake milimita 25. Kosa hili la kusahau feni na rejeta limewaliza wengi.

6. Tazama kasha linataka pawasaplai ya aina gani. SFX huingia katika kasha la ATX kwa kutumia bati la kuunganishia. ATX haiingii katika nafasi ya SFX kwa hila yoyote.

7. Fuata njia ya hewa kwa kidole. Ingiapo hewa pana wavu au pana kioo? Itokapo pana feni au pana ukuta? Kama kidole hakikupata njia, hewa nayo haitaipata.

8. Baada ya hayo yote, na si kabla, uliza bei na utazame rangi.

Tahadhari za pwani

Vumbi haliepukiki, lakini njia yake ya kuingilia yaweza kuchaguliwa. Feni zinazoingiza hewa zikiwa na nguvu kuliko zinazotoa, hewa ya ndani husukumwa nje kwa kila upenyo, na vumbi hulazimika kupita katika chujio peke yake. Basi weka, kwa mfano, feni mbili mbele na moja nyuma, na uhakikishe chujio zinavuliwa kwa mkono bila bisibisi, kwani chujio inayohitaji bisibisi haioshwi. Katika kasha dogo chujio hujaa mapema zaidi, na taathira ya kujaa kwake huonekana upesi. Ivue kila wiki mbili au tatu, uioshe kwa maji, uikaushe kivulini kabla ya kuirudisha. Unapopuliza vumbi kwa bloa, zima mashine, chomoa waya, na uzuie mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke.

Hewa ya chumvi hula bati palipokatwa na kwenye skrubu. Pitisha kidole ukingoni mwa kasha dukani: ukiona bati tupu lisilopakwa rangi, ujue kutu itaanzia hapo.

Makasha mengi siku hizi yana ubavu wa kioo kigumu. Kioo hicho hustahimili kusukumwa kwa uso wake, lakini ukingo wake ukiguswa na kigae cha sakafu chaweza kupasuka chote kwa mara moja kuwa punje punje. Nyumba zetu zina vigae kila mahali. Basi unapokivua, kilaze juu ya mkeka au taulo, usikisimamishe sakafuni hata kwa dakika moja.

Na umeme: kasha la chuma ambalo ukiligusa kwa nyuma ya vidole unahisi msisimko, linakuambia kuwa huenda soketi yako haina waya wa eathi. Usilizoee. Mwite fundi wa umeme aiangalie soketi kabla hujaendelea kuitumia mashine.

> MAKOSA YANAYORUDIWA
> - Kununua kasha kwanza na kutafuta vitu vya kulijaza baadaye.
> - Kuamini picha; picha haina milimita.
> - Kuweka uso wa kioo mbele pamoja na kadi ya grafiki yenye wati nyingi.
> - Kusahau unene wa kadi na kutazama urefu tu.
> - Kuacha kijiguzo cha chuma chini ya ubao mama mahali pasipo tundu. Kikigusa njia za umeme huleta shoti.
> - Kuukunja waya wa umeme wa kadi mpya kubwa karibu na plagi. Acha sentimita 3.5 zilizonyooka kabla ya kona.

Ukiwa umechagua dogo: utaratibu wa kuunga

Katika kasha kubwa utaratibu una msamaha, maana kilichosahauliwa hufikiwa kwa mkono. Katika dogo hauna. Fungia prosesa, ramu na diski ya M.2 juu ya ubao ukiwa bado mezani, na kipoza-joto nacho. Washa mashine hapo hapo nje ya kasha, ubao ukiwa juu ya boksi lake la karatasi na pawasaplai ikiwa imeungwa kando yake, ili kilicho kibovu kijulikane kabla hakijafukiwa. Kisha ingiza pawasaplai na uzipitishe waya zake mahali pake, halafu ubao, halafu zile nyaya nyembamba za kitufe cha kuwashia na za USB, ambazo kadi ikishaingia hutazifikia tena. Kadi ya grafiki iwe ya mwisho. Tenga siku nzima, na meza yenye mwanga.

Orodha ya kwenda nayo dukani

- [ ] Futi na karatasi yenye zile namba nne.
- [ ] Kimo cha kipoza-joto kinachokubaliwa: mm ____
- [ ] Urefu na unene wa kadi unaokubaliwa: mm ____ na ____
- [ ] Aina ya pawasaplai: ATX au SFX.
- [ ] Feni zilizomo ndani ni ngapi, na zinazoweza kuongezwa ni ngapi.
- [ ] Chujio mbele, juu na chini, zinazovuliwa kwa mkono.
- [ ] Mfuko wa skrubu na vijiguzo umo na haujafunguliwa.
- [ ] Muuzaji ameandika kwenye risiti kwamba kasha lisipolingana na vipimo alivyovitaja litarudishwa.

Hukumu yangu, kwa msomaji wa pwani asiye na haja ya kuibeba mashine yake, ni kasha la microATX la lita 30 hadi 40, lenye uso wa wavu, feni tatu za milimita 120 na nafasi ya pawasaplai ya ATX: hupokea vipande vya bei nafuu, hupumua vizuri hata katika joto la Februari, na halimezi meza. Kwa mwenye sababu ya kuibeba, la Mini-ITX la lita 18 au 20 ni bora kuliko la lita 10, kwa kuwa zile lita chache za ziada ndizo zitakazompa kipoza-joto cha kweli. Vyovyote utakavyochagua, chukua futi leo hii, uipime meza yako, na uziandike namba zako kabla hujamwuliza mtu bei.